Ukishindwa Kuinuka Chooni, Usiseme Umechoka

Daktari anauliza, "Tatizo nini, mama?" Mgonjwa anajibu: mwili unauma, sina nguvu, nachoka sana. Nje ya mlango foleni ni ndefu. Kinaandikwa kipimo cha malaria, cha mkojo na cha taifodi, kimojawapo kinatoka na alama ya jumlisha, na mama anarudi nyumbani na mfuko wa antibayotiki. Mwezi unaofuata yuko kwenye benchi lilelile, ila safari hii amekuja ameshikwa mkono na mwanawe.

Simlaumu daktari peke yake. Kila anayeingia chumba kile amechoka, na lalamiko la namna hiyo halina pa kushikia. Lakini mama huyohuyo angesema, "Nikichuchumaa chooni siinuki mpaka nishike ukuta," mazungumzo yangegeuka palepale. Daktari yeyote aliyesoma akasoma angejua kwamba hapa misuli ya nyonga na mapaja imepungukiwa nguvu, na kwamba lazima itafutwe sababu.

Mojawapo ya sababu hizo ni kundi la magonjwa yaitwayo mayositisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuvamia misuli ya mwenyewe. Makala hii inahusu hasa damatomayositisi, aina ambayo hushika misuli na ngozi kwa pamoja. Ni ugonjwa nadra. Kwa mwaka huwapata watu wachache mno katika kila laki moja. Huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, huwapata watoto wa umri wa shule, na huwapata sana watu wazima wa miaka kati ya 40 na 60. Haurogwi na hauambukizi. Unatibika, na anayewahi hupona vizuri kuliko anayechelewa, kwa sababu msuli ukishakufa na nafasi yake kujazwa mafuta hakuna dawa inayourudisha.

Basi tuanze na namna ya kujieleza. Misuli inayoshikwa kwanza ni ile iliyo karibu na kiwiliwili: mabega, mikono ya juu, nyonga, mapaja, shingo. Viganja na vidole huwa bado vina nguvu. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuhesabu noti, kufunga vifungo na kuandika ujumbe kwenye simu bila taabu, lakini akashindwa kuanika shuka kwenye kamba. Anashindwa kusuka nywele za mtoto, au anasuka huku anashusha mikono kila baada ya mstari. Kuvua fulana kwa kuipitisha kichwani ni vita. Sufuria la juu ya kabati anamwita mtu amtolee. Daladala ikisimama mbali na ukingo wa barabara, ngazi ya kwanza inamshinda. Anayeswali anajikuta anainuka kutoka kwenye sijda kwa kusukuma zulia kwa mikono. Udhaifu huo huwa wa pande zote mbili na huja polepole, kwa wiki au miezi. Kiharusi huja ghafla na kwa kawaida hushika upande mmoja. Maumivu yanaweza kuwepo, lakini kwa wengi udhaifu huzidi maumivu, na wapo wasioumwa kabisa.

Andika mambo hayo kwenye daftari: tendo gani, lilianza kukushinda lini, sasa hivi unalifanyaje. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, uinuke na kukaa mara tano huku mtu anakurekodi kwa simu. Video ya nusu dakika ya mtu anayehangaika kuinuka humweleza daktari mengi kuliko maelezo ya robo saa. Usiitupe, utaihitaji tena ukishaanza dawa.

Sasa ngozi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wenye ngozi nyeusi wanapopotezwa zaidi. Picha nyingi za vitabuni ni za Wazungu, na maandishi yanasema upele mwekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo aghalabu hauonekani. Kinachoonekana ni weusi wenye zambarau ndani yake, au kahawia iliyokolea, na pengine mabaka yaliyopauka pembeni. Angalia kope za juu: huwa zimevimba kidogo na kubadilika rangi kama za mtu aliyelia usiku kucha. Angalia kifua pale ukosi unapoachia, na mabega pale khanga inapokaa. Kichwa kinaweza kuwasha kupita kiasi, mtu akadhani ni mba akabadilisha shampuu mpaka akachoka. Pembeni mwa kucha, ngozi huwa imevimba, ina vimishipa vidogo vya damu, na kuigusa kunauma.

Alama kubwa kuliko zote iko kwenye vifundo vya vidole. Huota vijipele bapa au magamba yenye rangi iliyokolea juu ya maungio yenyewe, huku ngozi iliyo kati ya kifundo na kifundo ikibaki salama. Kwenye lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia, upele hupendelea kukaa kati ya vifundo. Tatizo ni kwamba mtaani vifundo vyeusi vina tafsiri yake tayari: huyu kajichubua. Mwanamke ambaye hajawahi kugusa mkorogo anasimangwa, anaanza kuficha mikono, na kwa daktari hasemi. Mwingine kweli anatumia krimu hizo, na kwa kuwa baadhi zina steroidi kali ndani yake, zinapunguza upele kwa muda na kumchanganya hata bingwa wa ngozi. Ukienda kliniki sema ukweli wote wa unachopaka, na uonyeshe mikono bila kuombwa. Siku upele ukiwa umechachamaa, upige picha mchana karibu na dirisha, bila vichujio vya urembo vya simu. Kwa walio Kaskazini mwa Tanzania, pale KCMC Moshi kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanza mwaka 1992, na wahitimu wake wametawanyika katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Kuona daktari wa ngozi kunaweza kukuokolea mwaka mzima wa kuzunguka.

Kipimo cha kwanza cha kuomba ni CK, ambacho maabara nyingine hukiandika CPK. Ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya msuli. Msuli ukiharibika humwagikia kwenye damu. Kwa mgonjwa wa mayositisi aghalabu hupanda mpaka maelfu. Ila yapo ya kujua kabla hujashtuka au kutulia. Watu wenye asili ya Afrika kwa kawaida huwa na CK ya juu kidogo kuliko viwango vilivyochapwa kwenye fomu, kwa hiyo ongezeko dogo kwa kijana mwenye afya si lazima liwe ugonjwa. Kubeba mizigo au mazoezi makali hukipandisha kwa siku kadhaa. Sindano ya maumivu ya makalioni nayo hukipandisha kidogo, na sisi tunapenda sindano. Mwambie daktari. Kisha kuna upande wa pili: kwenye damatomayositisi CK inaweza kuwa ya kawaida kabisa huku ugonjwa unaendelea, kwa hiyo kipimo kizuri hakifuti alama zilizoko kwenye ngozi.

Mtego unaonikera kuliko yote ni wa ini. AST na ALT, ambavyo kwenye karatasi nyingine huitwa SGOT na SGPT, watu wanavijua kama vipimo vya ini. Lakini vimo pia ndani ya misuli, AST hasa. Misuli ikiharibika vinapanda, na mgonjwa anaambiwa ini lake lina shida: anakatazwa mafuta, anapigwa ultrasaundi, anauliziwa pombe asiyokunywa, wakati ini ni zima. Mtu mwenye AST na ALT za juu ambaye pia anashindwa kupanda ngazi apimwe CK siku hiyohiyo. Kimeng'enya cha GGT husaidia kuamua: kikiwa cha kawaida, ini lina uwezekano mkubwa wa kuwa halina kosa.

Pamoja na CK vipimwe vitu vingine vinavyodhoofisha misuli na vyenye tiba rahisi zaidi: homoni ya tezi ya shingo, potasiamu, VVU. Peleka dawa zako zote mezani. Dawa za kushusha mafuta za jamii ya statini, mathalani atovastatini, zinaweza kuumiza misuli, na kwa watu wachache huamsha aina yake ya mayositisi ambayo haiishi hata ukiziacha. Na kama ni msuli mmoja tu uliovimba na wenye joto, na mwili wako una homa, huo huenda ni usaha ndani ya msuli, jambo linalofahamika sana katika nchi za joto. Tiba yake ni antibayotiki na kutoboa usaha. Steroidi, ambazo ndizo dawa ya kwanza ya mayositisi, hapo ni hatari.

Vipo vipimo vya juu zaidi: EMG inayosikiliza umeme wa msuli kwa sindano, MRI inayoonyesha ni msuli upi umevimba, kukatwa kinyama kidogo kwa ajili ya hadubini, na damu ya kutafuta kingamwili maalumu za mayositisi, ambayo mara nyingi sampuli yake husafirishwa nje ya nchi. Je, vyote ni vya lazima? Mtu mwenye vifundo na kope vilivyo wazi, udhaifu wa mabega na nyonga, na CK iliyopanda anaweza kuanza matibabu bila kusubiri. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2017 vinaruhusu utambuzi bila kukata nyama pale ngozi inapojieleza yenyewe. Lakini kama ngozi haina kitu, usikubali kuwekwa kwenye steroidi za miezi bila kinyama kuchukuliwa. Kuna ugonjwa wa watu wa zaidi ya miaka 50 unaodhoofisha misuli ya kukunja vidole na ya mapaja, ambao steroidi hazina faida kwake, na kuna magonjwa ya kurithi yanayofanana. Ukikubali kukatwa, uliza kabla ya kisu: sampuli itagandishwa wapi, itasomwa na nani? Nyama iliyotumbukizwa kwenye formalini pekee hupoteza taarifa nyingi. Isikatwe palepale palipochomwa sindano za EMG, wala kwenye msuli uliokwisha kabisa.

Baadhi ya dalili hazisubiri tarehe ya kliniki. Chakula kinakupalia. Maji yanatokea puani. Sauti imekuwa ya puani. Huwezi kunyanyua kichwa kutoka kwenye mto, au ukilala chali pumzi inakata. Nenda hospitali kubwa siku hiyohiyo, na usijilazimishe kula ugali njiani ili upate nguvu. Chakula kikiingia mapafuni kinaua.

Mapafu yenyewe pia hushambuliwa. Kikohozi kikavu na kuhema kwa kutembea kidogo, kwa mtu mwenye alama nilizozitaja, kunataka picha ya CT ya kifua. Huku kwetu mgonjwa wa namna hii hupewa dawa za kifua kikuu. Kupima kifua kikuu ni sawa, tena ni lazima, lakini makohozi yakitoka safi na dawa zisipofanya kazi, msirudie mzunguko wa pili bila CT. Kuna aina ya damatomayositisi ambayo misuli haidhoofiki sana, CK ni ya kawaida, vidole vina vidonda, na mapafu yanaharibika ndani ya wiki chache. Waliotazama filamu ya Kihindi ya Dangal ya mwaka 2016 watamkumbuka binti aliyeigiza Babita akiwa mdogo, Suhani Bhatnagar. Alifariki Delhi Februari 2024 akiwa na miaka 19, na familia yake ilieleza kuwa alikuwa na damatomayositisi na kwamba mapafu yake yalidhoofika yakajaa maji.

Jambo lingine ambalo madaktari wengine huona haya kulisema: kwa mtu mzima, damatomayositisi inaweza kuwa kivuli cha saratani iliyojificha. Hatari ni kubwa zaidi ndani ya miaka mitatu kabla au baada ya ugonjwa kujitokeza, na huongezeka kwa waliovuka miaka 40. Wengi hawana saratani. Lakini titi, mlango wa kizazi, vifuko vya mayai, mapafu, tumbo na utumbo vichunguzwe mwanzoni, na uchunguzi urudiwe baadaye kama daktari atakavyopanga. Mzazi wa mtoto mgonjwa asipoteze usingizi kwa hili. Kwa watoto uhusiano huo haupo. Kwa mtoto cha kuangalia ni vijiwe vya chokaa vinavyoota chini ya ngozi, ambavyo hupungua akitibiwa mapema na vya kutosha.

Matibabu huanza na prednisoloni, ambayo ni steroidi, kwa kawaida miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wiki kadhaa, kisha inapunguzwa taratibu kwa miezi. Wakati wa hatari kwa mgonjwa ni anapoanza kusikia nafuu. Uso umevimba, majirani wanamsema amenenepa, na kwa kuwa anainuka vizuri anaamua kuacha dawa. Usiache ghafla. Mwili uliozoea vidonge hivyo huwa umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe. Ukivikatiza, presha inaweza kushuka ukaanguka na hata kufa. Ukitapika siku nzima, au ukienda kufanyiwa upasuaji, waambie unatumia steroidi.

Kabla ya kuanza, hakikisha umepimwa kifua kikuu, VVU, homa ya ini aina ya B, sukari na presha. Uliza pia kuhusu dawa ya minyoo aina ya ivamektini: kuna mnyoo mmoja wa udongoni, strongiloidi, anayeweza kukaa kimya tumboni miaka mingi, kisha akasambaa mwili mzima pale steroidi zinapoilaza kinga. Punguza chumvi na soda, na uulize kuhusu kalsiamu na vitamini D za kulinda mifupa.

Ili prednisoloni ipunguzwe, huongezwa dawa ya pili: methotreksati au azathioprini. Hizi ni dawa kongwe na bei yake wengi wanaimudu. Methotreksati humezwa mara moja kwa WIKI, na vidonge vya foliki asidi huambatana nayo. Kuimeza kila siku kwa kukosea kumeua watu, kwa sababu inazima uboho unaotengeneza damu. Chagua siku, tuseme Jumapili, uiandike kwa kalamu nene juu ya boksi, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani. Halafu kaa mbali na antibayotiki ya Septrin. Watu wanainunua duka la dawa kwa mafua tu, lakini ikikutana na methotreksati inaweza kuangusha chembe za damu kwa siku chache. Anayetumia azathioprini naye asimeze dawa ya gauti iitwayo alopurinoli bila daktari kujua. Damu na ini vipimwe kila baada ya muda utakaopangiwa, hata ukijiona mzima.

Kwa ngozi huongezwa haidroksiklorokwini, na jua liepukwe kweli: mikono mirefu, kofia pana, khanga mabegani, kiti cha upande wa kivuli kwenye basi. Dawa zikishindwa zipo mikofenoleti, rituksimabu na dripu za kingamwili. Dripu hizo zilithibitishwa kwa damatomayositisi katika jaribio lililochapishwa mwaka 2022, lakini gharama yake ni kubwa, kwa hiyo barua ya bima ishughulikiwe kabla ya kulazwa.

Neno moja kuhusu dawa za "kuongeza kinga". Ugonjwa huu ni wa kinga iliyopitiliza. Kuichochea zaidi ni kumwaga petroli motoni. Spirulina na ekinasia zimehusishwa na ngozi kulipuka upya. Na dawa za unga za "kutoa maumivu mwilini", zile zinazofanya kazi kwa siku mbili kama miujiza, baadhi zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi.

Zamani wagonjwa waliambiwa walale wapumzike. Watafiti wa taasisi ya Karolinska mjini Stockholm ni miongoni mwa walioonyesha kwamba mazoezi yanayosimamiwa hayachochei ugonjwa, bali yanarudisha nguvu. Anza kidogo na mtaalamu wa mazoezi tiba: kuinuka kitini, kunyanyua chupa ya maji ya nusu lita, kutembea. Na kuinuka tena kunawezekana: mwigizaji Mwingereza Laurence Olivier aliugua damatomayositisi mwaka 1974 na hali ikawa mbaya sana. Miaka miwili baadaye alionekana kwenye filamu ya Marathon Man, na aliishi mpaka 1989.

Unaporudi kliniki, rudi na daftari lako na video mpya. CK hushuka mapema, nguvu huchelewa kwa wiki au miezi, kwa hiyo usikate tamaa namba ikiwa nzuri na ngazi bado inakushinda. Lakini kama ulikuwa umepata nguvu, sasa mapaja yanalegea tena huku CK iko chini, mkumbushe daktari kwamba prednisoloni yenyewe ikitumika muda mrefu hudhoofisha misuli. Hapo tiba ni kupunguza dozi, na asiyejua huiongeza.

Mwanamke anayetaka mtoto aseme mapema. Methotreksati na mikofenoleti huharibu mimba na lazima ziachwe kabla kwa mpango. Azathioprini na haidroksiklorokwini kwa kawaida huweza kuendelea. Na kama una safari ya kuvuka mpaka, usikimbilie dirisha la chanjo ya homa ya manjano kwa sababu tu kadi inadaiwa: ni chanjo yenye kirusi hai, na kwa mtu aliye kwenye dawa hizi inaweza kugeuka kuwa ugonjwa. Omba kwa daktari wako barua ya kitabibu ya kusamehewa chanjo hiyo, ipigwe muhuri, uiweke ndani ya pasipoti.